Funga Daftari Kwanza



Kuna wiki moja katika muhula wa kwanza ambayo kila anayefundisha sayansi chuo kikuu anaijua: wiki ya matokeo ya testi ya kwanza. Zamani yalibandikwa ubaoni, siku hizi yanaingia kwenye simu, lakini sura za watu ni zilezile. Kijana katoka kidato cha sita na divisheni wani ya pointi tatu, nyumbani walimchinjia mbuzi, shuleni jina lake likasomwa paredi. Leo anaangalia tisa juu ya thelathini. Jambo la kwanza linalomjia kichwani ni kwamba wamekosea namba yake ya usajili.

Akija ofisini, maneno yake nayajua kabla hajaketi. "Mwalimu, mimi nilisoma." Na hasemi uongo. Mwenzake wa chumbani atamshuhudia: kapiga msuli mpaka saa nane za usiku, madesa yote kayapitia, mengine mara tatu, na kila ukurasa umejaa mistari ya rangi ya njano. Leo nataka kuzungumza na huyu. Mvivu simgusi, mvivu anaijua dawa yake na ameamua kutoinywa. Huyu aliyesoma kweli na bado akapata tisa ndiye anayenisumbua, kwa sababu ukimwambia aongeze bidii, ataongeza kilekile kilichomwangusha.

Hebu tuanze na mwembe. Mchukue mwanafunzi wa biolojia wa mwaka wa kwanza, mwambie aandike mlinganyo wa usanisinuru. Atauandika huku anapiga soga: molekuli sita za kabonidayoksaidi, sita za maji, mwanga wa jua, unapata glukosi moja na molekuli sita za oksijeni. Safi kabisa. Sasa mwonyeshe mwembe mkubwa ulio nyuma ya bweni, umuulize: mbao zote hizi, uzito wote huu, umetoka wapi? Wengi watakujibu bila kusita: umetoka ardhini. Mizizi inakula udongo, mbolea, madini. Ukimwambia kwamba sehemu kubwa ya mbao ile imetengenezwa kwa hewa na maji, kwamba kaboni yote iliyomo iliingia kupitia majani, anakutazama kama unamtania. Na mlinganyo aliouandika mwenyewe bado uko mezani, wino haujakauka.

Asione haya sana, maana yupo aliyemtangulia. Jan Baptist van Helmont, mtu wa Brussels wa karne ya 17, alipanda mche kwenye chombo cha udongo aliokwisha kuupima, akaumwagilia maji kwa miaka 5, kisha akapima tena. Mti ulikuwa umeongezeka zaidi ya kilo 70. Udongo ulikuwa umepungua gramu chache tu, hazifiki 60. Akahitimisha kwamba mti mzima umetokana na maji. Kinachonifurahisha ni kwamba mtu huyohuyo ndiye aliyeieleza gesi inayotoka mkaa unapoungua, ambayo ndiyo kabonidayoksaidi yetu. Vitu vyote viwili alikuwa navyo mkononi, hakuvikutanisha. Kazi yake ilichapishwa mwaka 1648, alipokwisha kufariki, na wengine walihitaji zaidi ya miaka 100 kukamilisha jibu.

Mtihani wa chuo unaishi hapo, katikati ya vitu viwili unavyovijua ambavyo hujawahi kuvikutanisha. Kule sekondari swali linakuja likiwa na nguo zake za kila siku. Ukifanya pasti pepa za miaka kumi, unaanza kuyatambua maswali kwa mbali kama unavyotambua majirani. Chuoni mwalimu anatunga mwenyewe, anabadilisha nguo, na aliyezoea kutambua sura anapotea.

Tatizo ni kwamba kusoma na kurudia kusoma kunadanganya. Ukipitia ukurasa mara ya tatu, macho yanateleza, hakuna kinachokukwaza, na moyo unakwambia: hii naijua. Unachokijua ni ule ukurasa. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio ambalo ningependa kila mwanafunzi wa sayansi alijue. Waliwapa wanachuo makala fupi za kisayansi wazisome. Kundi moja liliachiwa vipindi vinne vya kusoma tu. Kwa wastani wakairudia makala mara 14 hivi. Kundi lingine lilisoma kwa kipindi kimoja, mara tatu au nne, kisha vipindi vitatu vilivyobaki wakanyang'anywa makala na kuambiwa waandike wanachokikumbuka kwenye karatasi tupu. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma tu walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliosoma mara 14 walikumbuka asilimia 40. Wale wa karatasi tupu, asilimia 61. Na sikiliza hili: walipoulizwa mapema kila mmoja anadhani atakumbuka kiasi gani, waliosoma tu ndio waliojiamini kuliko wote.

Mtihani hauletwi dakika tano baada ya kufunga desa. Kwa hiyo funga daftari kwanza.

Nasema hivyo kwa maana halisi, ya mkono na jalada. Lekcha imekwisha saa tano. Kabla hujaenda kupanga foleni ya chakula, kaa mahali kwa dakika kumi, toa karatasi isiyo na kitu, andika ulichokisikia bila kuchungulia. Mara ya kwanza utaandika mistari mitano na nusu, na utaona aibu ukiwa peke yako. Vizuri. Sasa fungua daftari, na kwa kalamu ya rangi nyingine jaza kilichokosekana. Hiyo rangi ya pili ndiyo inayokuonyesha nini hukijui, jambo ambalo mistari ya njano haitakuonyesha kamwe. Kesho yake, kabla ya lekcha mpya, rudia kwa dakika chache. Wiki ijayo rudia tena. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kumbukumbu na kuchapisha matokeo mwaka 1885, na alichokiona ni kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza huvuja katika saa za mwanzo. Anayesubiri wiki ya mtihani hana cha kurudia, anaanza upya.

Hayo ni ya kukumbuka. Kwenye kemia, fizikia na hisabati kuna jambo zito zaidi, nalo ni kukokotoa. Hapa ndipo madesa yanapoua watu. Swali lipo, jibu lipo chini yake, hatua zimepangwa vizuri. Unasoma hatua ya kwanza, unaafiki. Ya pili, unaafiki. Unafika mwisho, unasema nimeelewa, unageuza ukurasa. Ni kama kwenye bao: kaa kandokando ya wazee wanaocheza, utaona kila kete inapoangukia, utatikisa kichwa mmoja wao akikosea, na utajiona fundi. Subiri siku uachiwe nafasi ya kucheza.

Chukua mfano mdogo, na mwenye kalamu karibu aishike. Gramu 4 za hidroksaidi ya sodiamu zimeyeyushwa kwenye maji, mmumunyo ukawa mililita 500. Ukolevu wake ni upi? Moli moja ina gramu 40, kwa hiyo hapa tuna moli 0.1, ndani ya nusu lita. Jibu ni moli 0.2 kwa lita. Kila mtu anaafiki, desa linafungwa. Mwanafunzi ninayemtaka haondoki hapo. Anaanza kulisumbua swali. Je, nikichota nusu ya mmumunyo huu, mililita 250, nikaongeza maji mpaka lita moja? Ukolevu wa ile nusu niliyochota haukubadilika kwa kuchotwa. Kilichopungua ni idadi ya moli, sasa ni 0.05, na zimetawanyika kwenye lita nzima. Basi ni 0.05 kwa lita. Je, nikichukua mililita 20 za huu wa mwisho, nitahitaji mililita ngapi za asidi ya salfuriki ya moli 0.1 kwa lita ili viuane? Hapa ndipo watu wanapoandika 10 na kupiga mstari chini. Jibu ni 5, kwa sababu molekuli moja ya asidi hiyo ina haidrojeni mbili za kutoa, inamaliza hidroksaidi mbili. Swali moja la desa limezaa mawili, na la mwisho linafanana sana na lile la testi ambalo kijana wetu wa tisa alilia kwamba halikufundishwa.

Halafu yachanganye maswali. Mazoea yetu ni kufanya maswali 20 ya topiki moja, kisha 20 ya topiki nyingine. Ukishafanya matatu ya kwanza, kwenye hayo 17 hufikirii tena njia, unabadilisha namba tu. Mtihani haukwambii swali ni la topiki gani, na kuchagua njia ni nusu ya kazi. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Marekani, Doug Rohrer na Kelli Taylor, waliwapa wanafunzi maswali ya hisabati, wengine yakiwa yamepangwa kwa aina, wengine yamevurugwa. Wakati wa mazoezi, waliopangiwa walifanya vizuri zaidi kwa mbali. Wiki moja baadaye wakapata asilimia 20 tu, na waliovurugiwa wakapata 63. Zoezi linalokutesa kidogo linakulipa. Linaloteleza linakula muda wako.

Najua mtaniuliza kuhusu akili mnemba, maana kila simu inayo. Nitasema kwa ufupi. Ukiiuliza swali kabla hujahangaika nalo, hilo ni desa lililokuja kwa kasi zaidi, na madhara ni yaleyale. Ukihangaika nusu saa, ukaandika ulipofika, kisha ukaiuliza kwa nini mstari wako wa nne ni mbaya, hapo imekuwa mwalimu wa ziada, ingawa naye umkague, maana hukosea kwa ujasiri mkubwa.

Tuje kwenye vimbweta. Aliyepita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anavijua vile viti na meza za zege chini ya miti, na kelele zake jioni. Diskasheni ni kitu kizuri, lakini nyingi ninazozipita zimekaa vibaya: mmoja anaeleza, wanane wananakili, na tisa wote wanaondoka wakiamini wamesoma. Kweli amesoma mmoja, yule aliyekuwa anaeleza.

Miaka ya 1970, pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwalimu kijana wa hisabati aitwaye Uri Treisman alitaka kujua kwa nini wanafunzi wengi Weusi walikuwa wanaanguka somo la kalkulasi ilhali wenzao wenye asili ya Kichina wanafaulu. Aliwauliza walimu wenzake. Wakamwambia: hawana ari, maandalizi yao hafifu, nyumbani ni maskini, wazazi hawawahimizi. Alipochunguza, maelezo yote hayo hayakusimama. Akaamua kufanya jambo rahisi ambalo hakuna aliyelifanya: kuwafuata wanafunzi na kuangalia wanavyosoma. Wale Weusi walikuwa wachapakazi, tena sana, lakini kila mtu peke yake chumbani kwake. Akikosea, hana wa kumwambia, na hajui kama ugumu ni wake au ni wa swali. Wenzao walikuwa wanafanya kazi peke yao kwanza, kisha jioni wanakutana, wanalinganisha majibu, wanakosoana, wanaulizana maswali ya mitihani ya zamani. Treisman akaanzisha vikundi vya namna hiyo, akawapa maswali magumu kuliko ya darasani. Wanafunzi ambao chuo kilizoea kuwahesabu kwenye orodha ya walioanguka wakaanza kupata alama za juu.

Angalieni mpangilio: peke yako kwanza, kisha kikundi. Ukija kwenye kimbweta na karatasi tupu, umekuja kuchota. Ukija na jibu lako, hata bovu, kuna kitu cha kubishania. Na bishaneni kwa Kiswahili, jamani. Nawaona watoto wa watu wanahangaika kueleza msukumo wa osmosi kwa Kiingereza cha kuazima, sentensi inakatika, wazo linakatika nayo, wanaishia kukariri sentensi ya kitabu. Mweleze mwenzako kwa lugha unayoteta nayo, mpaka akuulize swali la kukubana. Ukishalijibu, ndipo mliandike wazo hilo kwa Kiingereza, kwa sababu mtihani ni wa Kiingereza na zoezi hilo nalo ni la lazima. Anayeruka hatua ya kwanza anabaki na maneno. Anayeruka ya pili anabaki na wazo ambalo msahihishaji hatalisoma.

Maabara sasa. Neno baya kuliko yote ninayoyasikia kwenye prakto ni "kupika data". Namba haikutoka kama ya kitabu, basi inasukumwa kidogo, ripoti inapendeza. Aliyepika hajui kwamba ametupa kitu cha thamani pekee alichokipata siku hiyo. Kabla hujagusa bureti, andika kwa penseli unachotarajia kuona. Ikitokea tofauti, usiogope, uliza.

Na hapa sihitaji kwenda Marekani. Mwaka 1963 mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, Lushoto, Erasto Mpemba, alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuyaacha yapoe, ndipo kuyaweka kwenye friza. Nafasi zilikuwa chache, akahofia kukosa, akaweka yake yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake ambaye hakuyachemsha kabisa. Alimuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, wakamcheka kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Siku Dakta Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipowatembelea, kijana akasimama na swali lilelile mbele ya wenzake wanaoguna. Osborne hakuwa na jibu, ila alirudi Dar akalijaribu. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja katika jarida la fizikia, na jambo hilo mpaka leo linabeba jina la Mpemba. Wanafizikia bado wanabishana kama linatokea kweli, na kama ni kweli, kwa sababu gani. Mwanafunzi aliyepika data pale Magamba angesema aiskrimu ya moto iliganda mwisho, kama inavyopaswa, na angepata alama zake.

Kuhusu usingizi sina hotuba. Kukesha usiku wa kuamkia mtihani kunakupa dakika tano za wale waliosoma mara 14, na kunakuondolea kichwa cha kukutanisha vitu viwili. Laleni.

Limebaki moja ambalo naliona kila muhula na silizoei. Testi zimesahihishwa, karatasi zinarudishwa. Mwanafunzi anaangalia alama, anakunja, anatia mkobani, na haifungui tena. Ile ndiyo karatasi pekee duniani iliyoandikwa kuhusu kichwa chake yeye. Kazi za muhula kwa kawaida hubeba alama 40, mtihani wa mwisho 60, na aliyepata tisa juu ya thelathini bado ana safari ndefu ya kujitetea kabla ya kuzungumzia sapu au kudisko. Rudi nayo chumbani. Kila swali ulilokosa, lifanye upya bila kuangalia majibu ya aliyepata. Pale unapokwama, hapo hapo, andika swali lako, kisha njoo ofisini nalo.

Maana wanaokuja ofisini ni wa aina mbili. Mmoja anasema, "Mwalimu, topiki ya tatu yote sijaelewa." Mwingine ananiwekea karatasi mezani, kidole kwenye mstari: "Hapa nimepata 10, wewe una 5, hiyo mbili umeitoa wapi?" Huyu wa pili anaondoka baada ya dakika tano na kitu chake. Wa kwanza hukaa nusu saa, nikamrudia lekcha ileile, naye akaafiki kila hatua.